Raba ya Usukani Njiani Hassi Bahbah

Lakhdar Benzerga alikuwa fundi wa magari mjini Djelfa, na watu walijua ngumi yake kabla ya kujua kazi yake. Pua yake ilishavunjwa mara mbili. Alishamtoa mteja gerejini kwa kumburuta miguu. Mkewe alisema mumewe hukasirika kwa mikono kwanza, kichwa kikafuata baadaye.

Shemeji yake Ammar, aliyemwoa dada yake Houria, alikuwa mchuuzi wa kondoo mwenye pikapu kuukuu ya Pijo. Usukani wake ulikuwa umelegea: unauzungusha upana wa kiganja ndipo magurudumu yaamke. Lakhdar alishafunua boneti akamwonyesha raba ya duara inayounganisha shafti ya usukani na boksi ya stelingi inayogeuza magurudumu. Ilikuwa imechanika, nyuzi zimetoka nje kama utumbo.

"Shemeji, hii itakuua."

"Baada ya Idi," Ammar akajibu. "Kondoo hawana subira."

"Na wewe una haraka ya kaburi?"

"Nina haraka ya soko. Wewe kaza nati zako."

Siku ya mnada wa Hassi Bahbah, Lakhdar alipanda gari bila kukaribishwa. Alikuwa na raba mpya mfukoni na spana zimeviringishwa kwenye kitambaa. Angeibadilisha hukohuko sokoni, Ammar apende asipende. Wakaondoka, kondoo wakiwa nyuma.

Nje ya mji, lori la nyasi lililokuja mbele yao likahamia upande wao kukwepa shimo. Ammar akakata kulia. Usukani ukazunguka, ukazunguka tena, mwepesi kama wa gari la kuchezea, na magurudumu yasigeuke. Raba ilikuwa imeachia boliti. Lori likawapita kwa unywele. Wao wakaacha lami, wakatumbukia mtaroni, pua ya gari ikakita kwenye tuta la mchanga. Vyuma vya nyuma vilivyozuia kondoo viling'oka. Kondoo wakarushwa nje, wakaangukia mawe.

Vumbi lilipotulia, Lakhdar alitazama nafasi iliyo kati yao kitini. Hapo ndipo Houria alipokuwa akikaa kila Ijumaa, mtoto mapajani, wakienda kwa mama yake. Aliona nafasi ile tupu, na mkono ukatangulia.

Alimpiga Ammar mdomoni humohumo ndani ya gari. Akamvuta nje kwa ukosi, akampiga tena, akamkalia kifuani, akaendelea kupiga hata Ammar alipoacha kujikinga. Jino lilimchana Lakhdar kwenye kifundo cha kidole, asisikie.

"Ungemuua," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kila pigo na neno lake. "Ungemuua. Ungewaua."

Ammar akapapasa kiunoni, akapata kisu chake cha kuchinjia. Lakhdar aliyadaka makali ya kisu kwa kiganja kitupu, na Ammar akakivuta.

Dereva wa lori alikuja mbio na mtaimbo, akawatenganisha kwa kumpiga kila mmoja begani.

"Mkitaka kuchinjana, chinjaneni," akasema akihema. "Lakini malizeni kwanza hawa wanyama wanaoteseka."

Kondoo kadhaa walikuwa wakijikokota kwa miguu iliyovunjika, mmoja mfupa umetoka nje. Ikabidi wafanye kazi pamoja. Lakhdar aliwalaza na kuwabana kwa magoti, Ammar akawachinja, akitamka bismillahi kwa mdomo uliopasuka. Mchanga ukalowa chini yao.

Walipovutwa na lori hadi barabarani, Lakhdar akajifunga kiganja kwa kilemba chake. Vidole viwili havikukunjika.

"Shika spana," akamwambia Ammar.

"Sijui kazi hiyo."

"Utajua leo. Nyoosha magurudumu kwanza. Usukani nao unyooke, usiuguse tena. Sasa legeza boliti ya kibano, pandisha shafti juu."

Ammar akainama ndani ya boneti, damu ikidondokea injini. Akakitoa kilichobaki cha raba ya zamani, akaweka mpya: boliti mbili upande wa shafti, mbili upande wa boksi.

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza kama unanikaba mimi."

Ammar akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Usukani ulipojaribiwa, magurudumu yakafuata papo hapo.

Jioni Houria alitazama mdomo wa mumewe na mkono wa kaka yake. Alipoelezwa, alimzaba kofi Ammar, kisha akamzaba Lakhdar.

"Huyo alitaka kuniua kwa gari," akasema, "na wewe ulitaka kunifanya mjane kwa mikono. Nani kati yenu nimshukuru?"

Akaenda kuchemsha maji ya kuoshea vidonda.

Vidole vya Lakhdar havikurudi kukunjika. Ammar alitia meno ya bandia, na miaka miwili wakasalimiana kwa kichwa tu. Houria alikataa kupanda Pijo ile hadi ilipouzwa. Kila Ijumaa alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mama kwa miguu.