Mkaguzi wa Nyama Kizimbani

Wachinjaji walimwita Mama Mhuri, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Alikuwa daktari wa mifugo kwa elimu, mkaguzi wa nyama kwa kazi, na kwa miaka kumi na tisa ng'ombe hakutoka katika machinjio yale kwenda buchani bila kupita chini ya kisu chake. Alipasua ini kutafuta minyoo, akachanja ulimi na moyo, akafinya tezi moja moja kwa vidole. Akiridhika, aligonga mhuri wa wino wa zambarau pajani. Asiporidhika, mzoga ulimwagiwa rangi ya kijani ukaenda shimoni, hata mwenye mali agaagae chini.

"Mama, huyu ng'ombe nimemlea mwenyewe," mtu angemwambia.

"Ndiyo maana mmefanana. Ana homa. Shimoni."

Wachinjaji walikuwa na mzaha wao, kwamba siku Mama Mhuri akifika mbinguni, kabla hajakaa ataomba kwanza aonyeshwe maini ya malaika.

Jumanne moja, wanafunzi zaidi ya arobaini wa shule ya bweni waliugua baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyekufa, lakini wawili walilazwa wiki nzima. Jikoni kulikutwa paja la ng'ombe lililokwisha kubadilika rangi, na juu yake mhuri wa zambarau. Alhamisi asubuhi askari wawili wakafika machinjioni.

Walimkuta kazini, na buti za mpira na aproni. Hawakumfunga pingu. Walimtembeza tu katikati ya ukumbi, baina ya mizoga iliyoning'inia, na visu vyote vikasimama. Hicho ndicho kilichomkaa moyoni kuliko yote yaliyofuata: kile kimya, na bomba lililoendelea kumwaga maji kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifunga.

Kituoni mpelelezi alikuwa mpole. Alimvutia kiti. "Mama, wewe eleza tu ilivyokuwa, tumalize, uende nyumbani." Na yeye, mtu aliyezoea kuandika ripoti maisha yake yote, akaeleza saa mbili nzima. Alionyeshwa picha ya lile paja.

"Mhuri huu unaujua?"

"Naujua. Ni wa kwetu."

Jibu likaandikwa. Akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Nyumbani hakwenda siku hiyo. Alikwenda kesho yake, baada ya kaka yake kusimama mahakamani kumdhamini. Shtaka lilisema aliruhusu nyama isiyofaa kuliwa na binadamu, huku akijua.

Wiki hiyohiyo zilimjia barua mbili. Ya mwajiri ilimsimamisha kazi mpaka kesi iishe. Ya baraza la madaktari wa mifugo ilisitisha leseni yake na kumtaka, ndani ya siku ishirini na moja, aeleze kwa nini jina lake lisifutwe kwenye daftari la wanataaluma. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama mlangoni, akazikunja, akaenda kuosha buti zilizokuwa safi.

Wakili aliyempata alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza. Alisoma maelezo ya polisi mpaka mwisho. Kisha akavua miwani akajisugua macho.

"Dada yangu, ungenyamaza."

"Sikuwa na cha kuficha."

"Najua. Wasio na cha kuficha ndio wanaonipa kazi ngumu. Ungesema, nitazungumza wakili wangu akiwepo, basi. Ni haki yako. Sasa umewaambia mhuri ni wenu, na hakuna mahali walipoandika kwamba mhuri unaweza kugongwa na mkono mwingine."

Mama Mhuri akaangalia sakafu. Siku nyama ile ya shule ilipotoka machinjioni, alisema, alikuwa amekataa ng'ombe mmoja mwenye homa, damu imevilia kwenye nyama. Alimwandika katika kitabu cha ukaguzi na kuagiza aende shimoni. Lakini zamu ilikuwa imekwisha na rangi ya kijani ilikuwa imeisha, akamwachia msimamizi wa machinjio amalizie.

"Kitabu kiko wapi?"

"Ofisini kwa msimamizi. Na mimi siruhusiwi kukanyaga pale."

Wakili akamweleza kwamba vita vyake viko viwili, asivichanganye. Kwa baraza, wangeandika barua kuomba lingoje mahakama imalize, na asijieleze kule hata kwa sentensi moja, maana atakachosema barazani kinaweza kuletwa mahakamani. Kwa mahakama, wangeanza kwa kumwomba mwendesha mashtaka aiondoe kesi, wakipata ushahidi wa kumwonyesha. Wasipoupata, kulikuwa na kukiri kosa dogo zaidi, la uzembe. Angetozwa faini na mambo yangekwisha siku moja. Au kukana mpaka mwisho.

"Nikikiri hilo dogo, leseni?"

"Ukikiri, umepatikana na hatia. Baraza halina haja ya kukuuliza tena."

Wakaomba kitabu. Msimamizi akajibu kwa maandishi kwamba kitabu cha mwezi ule hakionekani. Mwendesha mashtaka akakataa kuiondoa kesi. Hapo ndipo kuahirishwa kulipoanza. Hakimu yuko semina. Faili halijapanda kutoka masjala. Shahidi ana msiba. Shahidi yupo, ila mwendesha mashtaka amehamishwa na mpya ndiyo kwanza analisoma faili. Kila mara Mama Mhuri alivaa gauni lile la kijivu, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili, akaitwa saa tano, akasimama kizimbani dakika tatu, akapewa tarehe nyingine. Alizijua nyufa za ukuta wa mahakama ile kuliko za nyumba yake.

Nyumbani siku zilikuwa ndefu. Hakuruhusiwa kutibu hata mbuzi wa jirani. Bintiye, aliyekuwa chuoni akisomea uuguzi, aliacha kusema mama yake anafanya kazi gani. Hakumwambia mama, lakini mama alijua kwa jinsi alivyobadilisha mazungumzo wenzake wakiwa karibu na simu. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila mtu, mke wake akiwemo, alimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsindikiza mahakamani mara tisa. Mara ya kumi alibaki kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Mke wangu, kiri tuishi," alisema.

"Nikiri nini, Mwalimu?"

"Hilo dogo. Uzembe. Nani hajawahi kuwa mzembe? Mimi nimesahihisha madaftari nikisinzia mara ngapi? Nimechoka. Na wewe umechoka, basi tu hutaki kusema."

Alikuwa amechoka kweli. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kusuka nywele kulimshinda, na alikuwa ameacha kujibu salamu za wauzaji wa bucha kwa kuogopa kilichokuwa nyuma ya salamu. Hakubishana. Mwezi wa kumi na nne tangu akamatwe, alimwambia wakili akazungumze na mwendesha mashtaka. Wakakubaliana. Hati ya mashtaka ingebadilishwa, angekiri, angelipa faini, angekwenda zake.

Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu alivaa koti. Alikaa benchi la mbele.

Karani akasoma shtaka jipya kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya soko: kwamba mshtakiwa, akiwa mkaguzi wa nyama, kwa uzembe aligonga mhuri wa ukaguzi kwenye mzoga wa ng'ombe bila kuukagua.

"Ni kweli au si kweli?" akauliza hakimu.

Mama Mhuri alijua neno la kusema. Walilifanyia mazoezi. Lakini hakuwa ameisikia sentensi nzima mpaka siku hiyo, au aliisikia na haikuingia. Bila kuukagua. Alimkumbuka yule ng'ombe vizuri, tezi zilivyovimba, ini lilivyokuwa laini kama tope vidoleni mwake.

"Mshtakiwa, umeulizwa."

"Si kweli, mheshimiwa. Nilimkagua. Nilimkataa."

Wakili akafumba macho kidogo, kisha akasimama akaomba kesi iendelee kusikilizwa kwa shtaka la awali. Nyuma yake, Mwalimu alitoka. Alipomfuata nje, Mama Mhuri alimkuta amejiinamia kwenye ngazi.

"Nisamehe," akamwambia.

"Unaniomba msamaha wa nini?" Mwalimu hakuinua kichwa. "Ngoja nipumzike kidogo, nitakuja."

Ilikuwa ni yeye Mwalimu, wiki ile, aliyeuliza swali lililowaokoa. Walikuwa wanakula. "Hicho kitabu chenu," alisema, "mlikuwa mnaandika mara moja tu? Sisi shuleni kila kitu nakala mbili."

Mama Mhuri akaweka kijiko chini. Kila ukurasa ulikuwa na karatasi ya kaboni, na nakala zilipelekwa ofisi ya mifugo kila Ijumaa, zikatupwa kwenye kabati ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Kwa miaka kumi na tisa alizipeleka bila kufikiri kwamba kuna mtu atazihitaji. Uchovu ulikuwa umemfutia hata hilo.

Wakili aliomba amri ya mahakama, na karani wa ofisi ya mifugo akaja na bahasha ya kaki yenye vumbi. Mstari wa sita wa ukurasa ule, kwa mwandiko wa Mama Mhuri, ulisomeka: ng'ombe jike, homa, damu kuvilia, amekataliwa, shimoni. Pembeni, sahihi ya msimamizi kwamba ameupokea mzoga. Msimamizi alipoitwa kizimbani alisema hakumbuki. Wakili akamuuliza kuhusu mhuri wa zamani, ule uliochakaa ukingoni na kurudishwa kwake mwaka uliotangulia. Uko wapi? Kwenye droo yake. Droo ina kufuli? Haina. Na mhuri kwenye picha ya paja, ukingo wake ukoje? Msimamizi akaangalia picha muda mrefu, akaomba maji.

Hakimu aliamua kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Ilikuwa miaka miwili na miezi miwili tangu siku ya bomba lile. Mtu angetegemea vigelegele. Kaka yake alimshika mkono, wakili akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza, na Mama Mhuri akauliza kama anaweza kwenda chooni. Nyumbani alilala siku mbili. Msimamizi aliacha kazi kimyakimya, na hakuna aliyemshtaki.

Baraza lilichukua miezi saba zaidi kumrudishia leseni, kwa barua ya mistari mitatu isiyo na pole. Machinjioni nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine, kijana mzuri, hana kosa. Mwajiri akampeleka kituo cha kupokea maziwa, upande wa pili wa mji.

Siku ya kwanza alisimama nyuma ya meza ya bati na kipimo chake cha kioo. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alimimina maziwa yake, kipimo kikazama kuliko inavyotakiwa.

"Baba, haya yametiwa maji."

Mzee akamkazia macho. "Wewe si yule wa kesi ya nyama?"

Foleni yote ikasikia. Mama Mhuri alitamani aketi tu pale sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Mpishe mwenzako, baba. Kesho ulete mazuri."

Mzee alinung'unika, akabeba kopo lake. Aliyefuata alikuwa mama mwenye ndoo ya buluu, naye akamwamkia kama anavyoamkiwa mtu yeyote aliye kazini. Akaitikia, akatumbukiza kipimo, akainama kusoma.