Boti ya Kung'aa na Boti ya Kuku

Mpaka leo nikipita Nyamyumba na kumwona yule muuza boti kwenye kiti chake cha plastiki, damu inanipanda. Si kwa sababu alitaka kuniibia. Mimi ni mtu wa soko. Kuibiwa nakutegemea kama mvua. Ni kwa sababu alitaka kuwazamisha wanawake sita, mama yangu akiwa mmojawapo, na wakati huohuo ananikaribisha soda.

Sisi sita tunaleta vitunguu na nyanya kutoka Nyamyumba hadi soko la Gisenyi kwa njia ya ziwa. Boti yetu ya mbao ilikuwa imeoza chini mpaka ukikanyaga vibaya unasalimiana na samaki. Mashine yake ya nyuma, ya nguvu za farasi kumi na tano, ilikuwa bado nzima, imelala nyumbani kwangu ndani ya gunia. Ilikosa tu mwili wa kuusukuma. Wenzangu wakanituma nichague, kwa kuwa nahesabu kila kitu mara mbili, na kwa kuwa kati yetu hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mama anaogopa hata beseni.

Zilikuwepo boti mbili za kuuzwa, zote za alumini, zote ndogo, kila moja ya kutubeba sisi, mwendeshaji na magunia, kama hatutaingiwa na tamaa. Nikaenda kuziangalia na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye angeshika mashine.

Ya kwanza ilikuwa mjini, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa ofisi, aliyerudi kutoka Tanzania miaka mingi iliyopita na Kiswahili chake bado kimepigwa pasi. Boti ilikuwa imelala kifudifudi na kuku wamefanya makazi chini yake. Ubavu mmoja umebonyea, rangi imechunika, na mabamba yake yameshikwa kwa ribiti za kugongwa, safu kwa safu, kama vifungo vya koti la askari mzee.

"Sitakuficha, binti yangu," mzee akasema. "Ribiti tatu zimelegea. Zinavuja."

Mtu anayekuonyesha ubovu wa mali yake kabla hujauliza bei ananitia wasiwasi kuliko mwizi. Mwizi najua anataka nini. Tukaigeuza, tukaiweka juu ya matofali, tukaimwagia maji ndani kwa ndoo, kama wanavyofanya watu wa ziwa: pale maji yanapotokea nchi kavu, ndipo yatakapoingilia ukiwa ziwani. Nikalala chali chini yake, kwenye udongo wa kuku, nikahesabu matone. Sehemu nne. Nikazunguka nikahesabu kutoka upande wa pili. Nne.

"Ulisema tatu, mzee."

"Macho yangu, binti yangu, yamechoka."

"Yamechoka kwa ribiti. Kwa bei naona hayajachoka."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na mavi ya kuku kwenye mtandio. Shemeji naye alikuwa amesimama mbali, kana kwamba hatujuani.

"Shemeji," akaninong'oneza tulipotoka, "mi siwezi kupita mbele ya bandari na hii sufuria. Batu batanicheka."

"Watakucheka ukiwa mkavu," nikamwambia. Lakini moyoni hata mimi nilikuwa nimeshaiacha. Boti inayovuja mbele ya macho yako ni vigumu kuipenda.

Tukachukua pikipiki mbili hadi Nyamyumba, kwenye maji ya moto, pale watu wanapokuja kuloweka migongo na magoti na kuchemsha viazi vyao kwenye chemchemi. Boti ya pili ilikuwa hapo, juu ya mawe. Wallahi, iling'aa. Imechomelewa safi, haina hata ribiti moja, nje rangi ya buluu, ndani alumini tupu, na viti vina mito.

"Karibu, maman! Karibu, kapiteni!" mwenye boti akapaza sauti.

Kapiteni alikuwa ni shemeji. Alipewa cheo, kiti, na sahani ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, na pilipili na nusu ndimu pembeni, kabla mimi sijaambiwa nikae wapi. Akaanza kula kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Nikaomba maji. Tukaijaza kwa ndoo, nikalala chini yake, nikahesabu. Sifuri. Nikahesabu tena. Sifuri mara mbili ni sifuri ileile, ila moyo ulianza kulegea. Nikajiona nimeshawaambia wenzangu, nikamwona mama amekaa kwenye mto.

"Bon," akasema yule bwana. "Umeona? Hata tone. Donc tuongee kama batu bazima. Kuko mutu wa Goma anakuja saa sita na makuta yake mukononi." Kisha akanigeuzia mgongo, akamwelekea shemeji. "Kapiteni, we ni mwanaume, unaelewa mambo ya boti. Maman yeye aangalie rangi."

Nikaangalia rangi. Kama ameniambia niangalie rangi, nitaiangalia mpaka ajute.

Vijana wa yule bwana walikuwa wanachota maji kuyatoa, na jinsi yalivyoshuka nikaona mstari. Mstari mweupe, umezunguka boti yote, umenyooka kama umechorwa kwa rula, sawa na kimo cha viti, na chini yake weupe niliodhani ni alumini. Boti yoyote iliyofanya kazi ina alama ya maji. Lakini alama hiyo inakaa nje, mahali ziwa linapoishia. Hii ilikuwa nayo ndani. Nikazunguka nje kutafuta ya nje. Hakuna. Nikazunguka tena. Hakuna.

Nilikuwa bado nashangaa alipopanda kutoka kwenye maji mama mmoja mtu mzima wa Busasamana, kitenge kimelowa, amejishika magoti. Akatutazama, akatazama boti.

"Yewe! Munauza bafu?" akauliza. "Na sisi ba magoti tutakaa wapi?"

Hata shemeji aliacha kutafuna.

"Bafu gani, mama?" nikamuuliza kwa upole, ule upole wangu ninaoutumia nikikaribia kumkamata mtu.

"Si hii? Anatujazia maji ya moto, tunaingia, tunalipa. Mwaka mzima sasa. Iko muzuri kushinda kukaa kwa mawe."

Basi nikaelewa ule weupe. Nyumbani kwetu birika la chai linashika ukoko kama huo, na tangu nikiwa msichana kazi ya kuutoa ilikuwa yangu. Maji yale ya moto yana chumvi yake. Yakikauka yanaacha ukoko, na chini ya ukoko alumini inaliwa kimyakimya, na ukoko wenyewe unaziba tundu uliyoificha. Nikamwendea kapiteni, nikachukua nusu ndimu kwenye sahani yake, nikapanda botini, nikaikamulia sakafuni kando ya mbavu, pale palipovimba zaidi. Ukachemka povu. Nikasugua kwa ufunguo wa nyumba, nikakamua tena, nikasugua tena.

"Maman, unaharibu boti ya batu!"

"Ndimu haiharibu boti, papa. Leta ndoo."

Hakuleta. Nikaichukua mwenyewe, nikamwaga, nikashuka, nikalala chini. Tone. Halafu tone. Pembeni yake la pili. Nusu ndimu moja, tundu mbili, na sakafu nzima ilikuwa bado nyeupe.

Unadhani aliona haya? Alinyoosha shati. "Sikiliza. Kama inashika maji ya ndani mwaka mzima, itashindwa aje kuzuia maji ya inje?"

"Mama yangu hajui kuogelea," nikamwambia, na sauti ilinitoka mpaka waliokuwa kwenye chemchemi wakageuka. "Hajui! Ungemkalisha juu ya chumvi, katikati ya ziwa, na gunia la vitunguu mapajani, halafu unaniambia niangalie rangi?"

"Bon, nitapunguza bei."

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mimi ninayeishi kwa kupunguziwa bei nilitukanwa kwa kupunguziwa bei.

Mtu wa Goma wa saa sita hakufika. Nilimsubiri mpaka saa nane, makusudi, nimwonyeshe tundu. Kisha tukarudi mjini, shemeji nyuma yangu bila cheo, na mzee akanikuta mlangoni kwake hata kabla ya chai ya alasiri. Akanipunguzia kwa ajili ya ribiti ya nne, kisha akaniongezea kwa ajili ya kuku, eti nimewanyang'anya paa. Tulibishana zaidi juu ya kuku kuliko juu ya boti. Mwisho nikawaachia mabati mawili.

Fundi aligonga ribiti nne upya. Siku ya kwanza ya soko mama alipanda akiwa ameshika mkono wangu kwa kucha. Tulipofika katikati, akaingiza kiganja chini ya gunia, akapapasa sakafu, akakitoa na kukitazama. Kikavu. Nami nikapapasa palepale. Kikavu. Nikapapasa tena. Shemeji alikuwa nyuma anawaeleza wanawake jinsi alivyoichagua.

Wiki iliyopita nimeona ile ya Nyamyumba imepakwa rangi mpya. Ndani! Buluu nzito, ukoko hauonekani, na kibao cha kuuza kimening'inizwa mbele. Kuna mtu ana mama yake, naye atakuja kuiangalia rangi. Kwa hiyo siku hizi kila nikienda Nyamyumba natembea na ndimu mbili kwenye mkoba, nzima, si nusu, na nikiona mtu amesimama karibu na ile boti namsogelea.

Mama ananiuliza ndimu za nini. Namwambia za sambaza.