Dimbwi la Mbegu

Sisi tuliokulia Kisaju kabla ya maploti na kuta za mawe tunajua kwamba kambare huvuliwa kwa miguu. Mwambie hivyo kijana wa leo, atakucheka, yeye ambaye samaki wake hutoka kwenye friji ya duka Kitengela, na akikanyaga tope kidogo anatafuta kitambaa cha kufuta viatu.

Mto wetu ulikuwa wa msimu. Mvua ikiisha ulikatika ukawa madimbwi, na hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Mimi na dada yangu Mwende tuliingia tumefunga sketi kiunoni, tukakanyagakanyaga tope mpaka maji yakawa mazito kama uji wa wimbi. Kambare walipanda juu kutafuta hewa, masharubu yakitangulia, nasi tukawafunika kwa kikapu kisicho na kitako, tukaingiza mkono kwa juu. Walivyokuwa wakiteleza! Siku moja Mwende aliangushwa na mmoja, akala tope mdomo mzima, tukacheka hadi samaki akaenda zake. Mama aliwakausha kwa moshi, akawapika na nyanya. Jirani yetu Mama Naserian, Mmaasai, alipita ameziba pua. "Nyinyi Wakamba mtakula nyoka mpaka lini?" aliuliza, kisha akatuachia kibuyu cha maziwa.

Mama alikuwa na sheria moja tu. Dimbwi la mwisho, lile la chini ya mwamba, halikuguswa. Aliliita dimbwi la mbegu. "Hao ni wa kupanda," alisema, vile vile alivyosema juu ya mahindi aliyoning'iniza juu ya meko. Mvua ikirudi, hao ndio waliotoka kuujaza mto.

Halafu ukaja mwaka wa ukame mbaya. Baba alikuwa amesimamishwa kazi machimboni na unga ulikuwa umeisha. Asubuhi moja Mama alitukabidhi kikapu, akasema bila kututazama, "Nendeni mpaka kwa mwamba. Toeni wote." Tukatoa wote. Tulikula siku nne, na yeye hakuonja hata kipande.

Mvua ilirudi. Kambare hawakurudi. Tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, kila msimu wa mvua Mama aliteremka mtoni peke yake kuangalia. Kanisani, maombi ya toba yakifika alilia, nami nilijua anachokililia. Iliniuma sana, maana kikapu tulikibeba sisi.

Mwaka huu nilichoka na lawama hiyo aliyojitwika. Magoti yake yalikuwa yamemzuia kuteremka kwa miaka kadhaa, basi nikamshika mkono, nikampeleka hadi kwenye mwamba aone mwenyewe. Malori yamechota mchanga mpaka chini hakuna kitu cha kushika maji. Huko juu pampu zinanyonya kinachobaki, na katikati panapita kamkondo keusi ka maji taka kenye povu. Hata chura hakuna. Mvua nayo siku hizi huja siku mbili, ikabomoa kingo na kwenda.

"Umeona, Mama? Si wewe," nikamwambia. "Hata ungewaacha, wangekufa tu."

Nilidhani atashusha pumzi. Aliketi juu ya jiwe, akaliangalia lile povu muda mrefu.

"Ndanu, afadhali ingekuwa mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja nisamehewe, warudi. Sasa ningoje nini?"

Nilimwondolea lawama, na nadhani nilimwondolea na tumaini lake lote. Tangu siku hiyo halii tena kanisani.

Enzi zetu tone la kwanza likigonga mabati, nyumba nzima ilikuwa mlangoni, miguu mitupu, tukimngoja Mama aseme twendeni mtoni kuwaona kambare wa mbegu wakitoka. Juzi mvua ilinyesha. Mama hakuinuka kitini. Aliniuliza tu kama nimeanua nguo.