Mguu wa Greda

Kama una kochi lililobonyea hata mgeni akikaa inabidi avutwe mikono kuinuka, fundi wako ni yule mzee mwembamba wa karakana iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Watu humwita Refa. Wateja wapya hudhani ni jina la utani la mtu anayependa kuamua ugomvi usiomhusu. La hasha, alikuwa refa kweli, refa wa mieleka, tena ile ya maonyesho, ya majitu yenye chupi zinazometameta, ambamo mshindi hujulikana tangu chumba cha kuvalia.

Usicheke, kazi ile ina ufundi wake. Mpiganaji akilala chali, refa hupiga magoti na kuhesabu kwa kupiga ulingo kwa mkono wa kulia: moja, mbili, tatu. Mkono wa kushoto, ambao hakuna mtazamaji anayeuangalia, hukaa kwenye mguu wa aliyelala. Akifinywa kabla ya tatu, anajua ni zamu yake kuinuka na ukumbi ulipuke kwa kelele. Asipofinywa, anatulia, mchezo umekwisha. Hakuna aliyethubutu kuinuka bila kufinywa, maana angeharibu mpango wa wenzake wote. Na siri hiyo haikuwahi kuwafikia watazamaji hata siku moja.

Katika wote aliowafinya, Refa hakumpenda mtu kama Greda. Alikuwa pande la mtu, mpole kupindukia, na kwa miaka kumi na moja aliangushwa na kila mwenye kutaka kuangusha. Kisha ikafika Jumamosi yake. Alipangiwa kutwaa mkanda kutoka kwa Mtanashati, kijana wa nywele zilizopakwa mafuta aliyekuwa kipenzi cha Promota, mwandaaji wa mapambano. Hata baba yake Greda, mzee aliyeiita kazi ya mwanawe kugaagaa, alikubali kuja. Akapewa kiti cha mbele, amevaa shati lililonyooshwa kwa pasi.

Dakika kumi kabla ya kengele, Promota alimvuta Refa nyuma ya pazia.

"Mpango umebadilika. Mkanda unabaki kwa Mtanashati. Greda akilala, usimfinye."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nikimwambia atagoma. Wewe fanya kazi yako, la sivyo Jumamosi ijayo kuna refa mwingine."

Basi Refa akafanya kazi yake. Greda alilala, akasubiri. Moja, mbili, tatu, kengele ikalia, na yeye bado yuko chali akiangalia taa. Baba yake alivaa kofia akatoka kabla watu hawajamaliza kushangilia.

Chumbani Greda alikaa juu ya benchi akiupiga makofi mguu wake wa kushoto. "Refa, ulinifinya?"

Ulimi hauna mfupa. "Nilikufinya," akasema Refa.

"Sikuhisi kitu! Ndugu yangu, mguu umekufa!"

Wiki hiyo hiyo Greda aliacha mieleka. Mtu asiyehisi mguu wake, alisema, siku moja ataanguka vibaya na kumvunja mwenzake shingo. Promota alimbembeleza abaki, wapi! Akaenda kuwa mtunza stoo wa shule. Daktari alimgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka nusura umng'oe meno, akatangaza kwamba ni mzima kabisa. Greda akasema daktari yule hajui kazi, akanunua dawa ya kuchua.

Alichua mguu huo kwa miaka ishirini na saba. Kila Jumamosi alikuja karakanani kwa Refa, akachagua kochi lililokwisha kufungwa kitambaa, akakaa "kulijaribu" na kuanza kuchua huku akisimulia habari za shule. Kopo likikaribia kwisha, Refa mwenyewe humletea jipya. Watu husema kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu alimpaka ya kweli, tena kwa miaka mingi, na bado alikuwa anamdanganya.

Mkewe tu ndiye aliyejua. "Baba Watoto," humwambia, "utamwambia lini? Au mnangoja mfe mkaambiane huko huko?"

"Mambo yamekwisha, Mama Watoto. Promota mwenyewe keshakufa."

"Promota kafa, mguu je?"

Refa hushika nyundo akajifanya hasikii, ingawa ni mwanamume asiyejua kujifanya hata kidogo.

Ndipo akaja binti mmoja mwenye kamera. Alikuwa anatengeneza filamu, si ya kuigiza bali ya watu wenyewe kusimulia yaliyowapata, juu ya usaliti uliofanyika nyuma ya pazia kwenye ile mieleka ya zamani. Habari za Promota kubadilisha mipango alizipata kwa Mtanashati, ambaye sasa ana kipara na hana cha kupoteza. Binti alikuwa pia na kanda ya pambano lile. Alhamisi alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia sponji, akamwonyesha Refa.

Refa akajiona. Alijiona akipiga magoti, mkono wa kulia ukihesabu, na mkono wa kushoto umelala sakafuni, hatua nzima kutoka kwenye mguu wa Greda, umetulia tuli. Binti hakuona kitu, siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini Greda angeona mara moja.

"Jumamosi nitamwonyesha na yeye," alisema binti. "Nataka kamera ipate uso wake anapojiona."

"Mwanangu, hizi kanda za zamani zinaumiza macho ya wazee."

Binti akacheka, akadhani ni utani.

Ijumaa alasiri Refa alioga, akavaa shati safi, akaenda kwa Greda kumwambia. Njiani aliyapanga maneno vizuri sana. Alipofika, Greda akamkaribisha chai na kumlalamikia kochi lake kwamba springi zinachoma. Refa akarudi nyumbani na vipimo vya kochi.

Mkewe aliitazama ile karatasi ya vipimo, akamtazama na yeye. "Nakuonea huruma," alisema, na hakutania. "Lakini asione kwenye kompyuta. Asikie kwako."

Jumamosi karakana ilifagiwa. Greda akakaa kwenye kochi la kijani, Refa pembeni yake, vipaza sauti vimebanwa kwenye kola zao. Binti akauliza, "Mzee, kwa maoni yako, siku ile aliyekusaliti ni nani? Promota au Mtanashati?"

"Promota alibadilisha mpango, nimesikia leo kwako," Greda alijibu taratibu. "Lakini hata asingebadilisha, nisingeinuka. Aliyenisaliti ni mguu wangu huu. Refa alinifinya, sikuhisi."

"Kukufinya vipi?"

Greda akamweleza ile siri, mara ya kwanza mtu wa nje kuisikia, ukimwacha mke wa Refa. Binti akaona ni tamu mno, akainyoosha mikono kuivuta kompyuta. "Basi tuangalie pamoja."

"Ngoja," alisema Refa. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Greda, sikukufinya."

"Ulinifinya, bwana. Uliniambia."

"Niliambiwa nisikufinye, sikukufinya. Kisha nikakwambia nilikufinya. Mguu wako haujawahi kuwa na kitu."

Greda aliuangalia mguu wake, akaubonyeza kwa kidole juu ya goti, halafu kwenye ugoko, kama mtu anayekagua embe.

"Promota alikwambia lini?"

"Dakika kumi kabla ya kengele."

"Na hii miaka ishirini na saba, nani alikwambia unyamaze?"

Refa alitafuta wa kumsingizia, na kweli hakumpata. "Hakuna mtu aliyeniambia," alisema.

Greda akabandua kipaza sauti, akakiweka juu ya mto wa kochi kwa uangalifu, maana si chake, asije akakivunja. Akasema, "Baba yangu alikufa akidhani nililala kwa uvivu." Akatoka.

Jumamosi saba hakuonekana. Refa alifunga makochi mengi majuma yale na yote yalitoka na mikunjo, hata mteja mmoja akamwuliza kama anaumwa. Binti alipopiga simu kuomba ruhusa ya kuacha maneno yale ndani ya filamu, Refa alimwambia amwulize Greda. Greda alikuwa amekwisha jibu: yote yabaki, hata neno moja lisikatwe, kwa sharti kwamba siku ya kuonyeshwa filamu, Refa akae mstari wa mbele, na mkewe, na watoto wake wote wanne.

Refa akaenda, amevaa tai. Ukumbi ulijaa. Ilipofika pale aliposema "sikukufinya", watu walivuta pumzi kwa pamoja, na binti yake mkubwa, ambaye Greda alimbeba begani tangu ana miaka miwili, aligeuka kumtazama. Refa hakuweza kumtazama. Mkewe alimshika mkono.

Taa zilipowashwa watu wakapiga makofi, kisha wakaelekea mlangoni kwa kujivuta makusudi, kwa sababu walimwona Greda anashuka ngazi kuja mbele, na hakuna aliyetaka kukosa. Akasimama mbele ya Refa, jitu lile, ameshikilia kofia.

"Zile dakika kumi nimekusamehe," alisema. "Promota alikuwa amekukaba, na ulikuwa na watoto. Nimejiuliza mimi ningefanya nini, sijui."

"Na hii miaka mingine?"

"Hiyo bado. Usije kwangu kuniomba. Nikiweza nitakuja mwenyewe, na nisipoweza ndiyo hivyo."

"Sawa," alisema Refa, akarudisha magoti nyuma ili rafiki yake apate nafasi ya kupita.