Simu ya Mwenyekiti na Jenereta ya Nyakahura

Kwa anayetoka upande wa Ngara, Nyakahura huanza na ng'ombe barabarani. Malori ya mpakani hupunguza mwendo, madereva hupiga honi, ng'ombe hawana habari. Baadaye ndipo vibanda vya soko huonekana, na baiskeli zilizofungwa madumu ya maziwa huku na huku. Adelfina hakuwahi kufika hapo. Tangi la maziwa alilolilinda kwa miezi kadhaa alilijua kwa namba tu, zilizomfikia kwenye kompyuta chumbani kwake Ngara mjini. Asubuhi hiyo, akiwa kiti cha mbele cha pikapu ya Shaban, muuza vitenge aliyempa lifti, aliomba kimoyomoyo safari isiishe.

Ushirika wa wafugaji ulikuwa umemwomba kitu cha kulinda tangi la kupozea maziwa. Umeme ukikatika na jenereta isipowashwa mapema, maziwa yanachacha, na aliyeamka kukamua alfajiri anarudi nyumbani mikono mitupu. Adelfina aliandika programu, akaitia kwenye kompyuta ndogo ndani ya sanduku, fundi umeme akalifunga ukutani. Mwezi huo umeme ukakatika mara mbili, na mara zote mbili maziwa yakachacha. Sasa kamati ilikuwa inakutana adhuhuri. Ama aoneshe kosa liko wapi na kulirekebisha, ama sanduku ling'olewe.

Alimkuta Jovitha, mpokea maziwa, amevaa mabuti anasuuza madumu.

"Ndiye wewe mwenye mashine yenye adabu?"

Adelfina akadhani anasimangwa, na kweli alikuwa anasimangwa, ila Jovitha alikuwa na kisa chake. Jenereta haikugoma, alieleza. Iliwaka yenyewe, tena bila kuguswa na mtu, lakini kwa kuchelewa mno.

"Mzee Gidioni, mwenyekiti wetu, alikuwa msibani Nyabusozi, simu kaiacha dukani inachajiwa. Karudi, kaichukua, kasema haloo, na jenereta hiyo, ikanguruma. Mara ya pili hivyohivyo. Hapa tunasema inasubiri ruhusa ya mwenyekiti. Sasa mwenzangu, maziwa nayo yasubiri?"

Adelfina akaketi juu ya kreti, akafungua kompyuta yake mapajani.

Programu yake, aliyoiandika kwa lugha ya C, ilikaa kwenye mzunguko usiokwisha. Ndani ya mzunguko aliweka walinzi. Mmoja alitazama umeme, mwingine kipimajoto cha tangi, mwingine saa. Mlinzi hafanyi kazi mwenyewe. Jambo lake likitokea, mzunguko unaita kipande cha programu alichokabidhiwa, yaani mwitiko wake; mwitiko unamaliza kazi upesi na kuurudishia mzunguko nafasi, ili walinzi wengine nao wasikilizwe. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mtumishi mmoja anatosha kwa yote. Ubaya wake ni huohuo: mtumishi ni mmoja. Akinaswa kwenye mwitiko mmoja, hakuna anayesikilizwa.

Akaufungua mwitiko wa umeme. Ulifanya mambo mawili. Ulianzisha saa ya kuwasha jenereta baada ya muda mfupi, kwa kuwa umeme wa huko hupenda kucheza na si vizuri kuishtua jenereta kila unapopepesa. Kisha ulimpigia mwenyekiti. Na hapo kwenye kupiga, programu ilisimama imeshika simu, ikipiga na kurudia kupiga, mpaka mzee apokee. Saa ya jenereta ilikuwa imekwisha zamani, lakini mzunguko haukuwa na nafasi ya kumsikiliza mlinzi wake.

Adelfina alikumbuka vizuri kwa nini aliandika hivyo. Mwanzoni programu ilipiga mara moja na kukata. Siku ya kwanza ya majaribio Mzee Gidioni alipiga mwenyewe, akauliza huyu binti anayembipu ni wa nani, na huko kwao Mugoma watu wanalelewaje siku hizi. Adelfina, mtoto wa kanisani, aliyefundishwa kumngoja mkubwa amalize kusema, aliona aibu hadi masikioni. Akaandika upya: simu isikatwe mpaka mzee apokee. Akajaribu kwa simu yake mwenyewe, iliyokuwa mezani, akaipokea papo hapo. Kila kitu kikaenda sawa.

Akaziba mdomo asicheke. Mabega yaliyokuwa yamepanda tangu Ngara yakashuka.

"Umepata?" Jovitha akauliza.

"Nimepata. Mlikuwa mnasema kweli."

Dawa yake haikuwa kurudi kwenye kubipu. Mwitiko ungeanzisha simu na kuondoka hapohapo, na mlinzi mpya angewekwa kwenye modemu, kifaa kinachopiga simu: mzee akipokea, mlinzi huyo ndiye atakayeamsha sauti iliyorekodiwa. Asipopokea, mlinzi wa saa ataagiza simu ipigwe tena. Jaribio la kwanza likaanguka. Kwa haraka zake alikuwa amemuumba mlinzi mpya ndani ya mwitiko wenyewe, na mwitiko ulipokwisha mlinzi akafutika kwenye kumbukumbu pamoja nao. Akamhamishia mahali panapodumu muda wote programu inapoishi. Ikasimama imara.

Wanakamati walipofika, Adelfina alimwamkia mwenyekiti, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unanibipu."

"Ndiyo mimi, mzee. Leo naomba nikupigie, na wewe usipokee."

Wanakamati wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliiweka simu mezani mbele yake, akakalia viganja vyake viwili. Jovitha akashusha swichi kuu, tangi likanyamaza. Simu ikaanza kuita. Ikaita ikakoma, ikaita tena.

"Na kama kuna mtu amefariki?" mzee akauliza.

"Ni mashine, mzee. Usipokee."

Kisha nyuma ya ukuta jenereta ikakohoa mara moja, ikashika, tangi likaanza tena kuvuma, na simu ilikuwa bado inaita.

Mzee akanyoosha mkono, akapokea, akasikiliza ile sauti iliyorekodiwa ikimweleza kuwa umeme umekatika. Akaishukuru, kwa mazoea.

"Kwa hiyo nikiwa msibani, hii itaendelea na kazi?"

"Itaendelea. Na simu itazidi kuita mpaka upokee. Haitakubipu kamwe."

"Basi ibaki."

Walibishana kidogo, kwa kuwa kamati ni kamati, kisha wakakubali. Jovitha akamjazia chupa maziwa ya baridi, akamwambia siku nyingine asiwe na adabu kupita kiasi. Adelfina akayanywa akiwa amesimama kando ya barabara, akapanda basi la Ngara, akapunga mkono dirishani mpaka basi lilipozama mteremkoni.

Huku nyuma wafugaji wa jioni walikuwa wameanza kufika na baiskeli zao. Mzee Gidioni, akiwa amekaa mlangoni, aliuliza kama umeme upo.

"Sijaangalia, tangi linavuma tu," Jovitha alijibu, akainua dumu, akamimina.