Ramla na Filimbi ya Bendera

Watu wa Alunguli wakitaka kumtania wifi yangu Ramla, wanamwuliza kama basi la Kinshasa lina viti vizuri. Wanamaanisha lile basi linalofuata nyuma ya marathoni na kuokota walioshindwa. Ni utani mchungu, na mimi nimeshagombana sokoni kwa ajili yake, siku moja hadi tukavuana vitambaa vya kichwa. Maana Ramla, mke wa kaka yangu Sudi, anakimbia kuliko mwanamke yeyote wa Kindu, na kuliko wanaume wengi wanaojiona. Akitoka alfajiri kufuata barabara ya Kailo, anarudi mimi bado napepea makaa. Hapo bado hajavuka mto kwenda kupanga meza yake ya mawese upande wa pili. Lakini mara tatu klabu yetu ilimpandisha ndege kwenda kukimbia Kinshasa, na mara zote tatu aliishia ndani ya lile basi.

Si mwanamke wa maneno mengi. Ni mfupi, mkavu, kichwa kigumu kama mama yake. Alianza kukimbia baada ya kuzaa mtoto wa pili, tena kwa kujificha: alikuwa anabeba beseni tupu kichwani ili watu wadhani anawahi soko. Miezi mizima tulimwona akipita mbio na lile beseni, tukasema jamani, biashara ya mawese inamtoa roho huyu dada. Siku moja beseni likaanguka, likabingirika hadi kwenye mfereji, naye hakurudi kuliokota. Hapo ndipo tulipojua kwamba hakuwa na haraka ya soko. Sudi alicheka sana, kisha akamnunulia viatu.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya safari, kocha Arsène alituita wote wa klabu katika darasa analofundishia. Mimi sikimbii, mwili wangu unaonyesha wazi, ila ndimi ninayebeba maji na dawa ya misuli, kwa hiyo nami nilikuwepo. Arsène ni mtu mzuri lakini anapenda kupanga mambo mpaka unachoka. Alitaka kila mkimbiaji aseme malengo matatu kwa sauti: moja la siku ambayo mambo yamenyooka, moja la siku ya kawaida, na moja la siku mbaya. Kila mtu akasema yake. Fundi mmoja wa baiskeli akasema lengo lake la siku njema ni kumpita shemeji yake anayeishi Kinshasa, na la siku mbaya ni shemeji asimwone. Tulicheka hadi machozi.

Ikafika zamu ya Ramla.

"Na weye? Malengo yako njo gani?"

"Niko nayo, kocha. Lakini nia iko mu roho. Haiko ya kusema mbele ya watu."

"Mimi sikuulize mambo ya msikiti, Ramla. Niko nakuuliza mambo ya barabara."

"Njo ile ile," akasema Ramla, akatazama mikono yake.

Arsène aliudhika. Kwa miaka mitatu amekuwa akimwambia kwamba anaanza kwa pupa, ndiyo sababu nguvu zinamwishia katikati ya njia. Akamwambia mbele ya wote: "Basi usikie. Mwaka huu njo wa mwisho. Ukipanda tena lile basi, nafasi yako tutapatia muntu mwingine." Mimi nilitaka kumjibu, mdomo ulishafunguka, lakini Ramla alinikanyaga mguu chini ya dawati, na akikukanyaga yeye unasikia.

Kesho yake tulikuwa nyumbani kwake tunatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikamwambia, haya, mimi si kocha, niambie basi kinachokushinda Kinshasa ni nini. Akaniambia, na wakati wa kusimulia hakuacha kutwanga.

Kumbe hakuna pupa wala nini. Mbio zile zinaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwendo wake, ambao haubadiliki, saa moja na nusu anakuwa karibu na kituo kimoja cha polisi. Na saa moja na nusu polisi wanapandisha bendera. Wewe uliyekua huku unajua mambo yalivyo: filimbi ikilia, anayepita anasimama, wa baiskeli anashuka, wa pikipiki anazima mota, hakuna kutikisika mpaka bendera ifike juu na filimbi ilie tena. Wakimbiaji wengine hawaijali, wanapita tu, na hakuna anayewauliza, maana barabara siku hiyo ni yao. Ramla anasimama. Mwaka wa kwanza watu wa pembeni walimcheka, wakampigia kelele kwa Kilingala kwamba aende, mama aende. Filimbi ya pili ikalia, watu wakaendelea na shughuli zao, na yeye miguu ikakataa. Alitembea kidogo, akakaa chini, basi likamkuta. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu.

"Sasa si upunguze mwendo!" nikamwambia. "Ufike pale bendera imeshapanda. Ama uongeze, upite mbele ya saa. Iko jambo ya dakika kidogo tu, wifi."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Nataka filimbi inikute."

Nilijua kwamba baba yake, mzee Amuri, alikufa wakati wa vita. Kila nyumba ya Alunguli ina marehemu wake wa wakati ule, na kwa adabu hatuulizani sana. Kwamba alikufa vipi, hilo sikulijua mpaka siku ile ya sombe.

Mzee Amuri alikuwa anafuata mchele Kailo kwa baiskeli, anaisukuma imejaa magunia, kwa sababu njia nyingine za kupata chakula zilikuwa zimefungwa na mji ulikuwa na njaa. Masikio yake yalikuwa yamekufa. Alipigwa sindano nyingi za kwinini alipougua malaria, na tangu hapo akawa anaona tu midomo ya watu ikicheza. Kwa hiyo alitembea na Ramla, msichana wa shule ya msingi. Baba mbele ameshika usukani, mtoto nyuma anasukuma magunia. Gari likija, au mtu akiita, au filimbi ikilia, mtoto alikimbia mbele kidogo na kumvuta baba yake shati. Ndiyo kazi aliyopewa. Yeye ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba.

Asubuhi hiyo walikuta askari waliokuwa wameshika mji wameweka kituo kipya mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu. Walikuwa wanapita mbele yake filimbi ilipolia. Na Ramla akasimama. Shuleni walikuwa wamefundishwa hivyo kwa fimbo: filimbi ikilia, hata inzi akitua puani mwako, usimfukuze. Magunia yakatoka mikononi mwake, yakaenda na baba. Aliona shati la baba yake, lile la khaki lenye kiraka begani, likienda mbele polepole. Ili alifikie ilimbidi atikisike, na alikuwa ameshasimama.

Askari waliona ni dharau. Walimpiga mzee kwa vitako vya bunduki, na bendera ilikuwa bado inapanda. Baiskeli ikaanguka, mchele ukamwagika, na mzee akiwa chini alikuwa anaita, "Ramla! Ramla iko wapi? Ramla!" Alikuwa anaita kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. Hakuweza kugeuka amwone. Na Ramla alikuwa nyuma yake pale pale, amenyooka, mikono mbavuni, mpaka filimbi ya pili. Watu walimbeba mzee hadi nyumbani. Hakusema tena neno lolote, na siku ya tatu akafariki.

Mimi nilitupa mchi chini. Nilisema maneno kuhusu wale askari ambayo siwezi kuyaandika. Nikamwambia ulikuwa mtoto, Ramla, mtoto mudogo, nani anamlaumu mtoto? Akasema hakuna anayemlaumu, na kwamba mama yake amemwambia hivyo miaka yote, na shehe pia. Akachota sombe, akatia sufuriani.

"Kocha anataka malengo matatu," akasema. "Mimi niko na moja. Filimbi ilie, na mimi niende mbele. Kidogo tu. Kufika pale shati ilikuwa. Nikifika pale, ile inayobakia nitakimbia."

Kinshasa nilikwenda na klabu. Asubuhi ya mbio nilimwachia mwenzangu maji mengine, nikachukua chupa moja na kwenda kusimama karibu na kile kituo cha polisi. Kituo chenyewe ni kibanda cha rangi ya buluu na mlingoti wa chuma uliopinda. Hofu niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi. Wakimbiaji wa mbele walishapita, wale wembamba wasiokanyaga chini, kisha likaja kundi kubwa, na saa ikawa inasogea. Polisi wawili walitoka, mmoja amevaa kandambili, wakaanza kufunga bendera kwenye kamba. Na mimi nikamwona Ramla kwa mbali, kitambaa chake cha kijani, mwendo wake ule ule mfupi.

Filimbi ikalia.

Wauza mikate wakasimama, dereva akazima gari. Na mimi pia, niliyekuja kumwambia pita, pita, nikasimama na chupa yangu mkononi. Mwili haukuniuliza. Nilibaki kutoa macho tu.

Ramla alikuwa amefika mbele ya mlingoti kabisa. Niliona miguu yake ikifupika, ikawa kama ya mtu anayetembea gizani. Akainama kidogo. Nikasema moyoni basi, imekwisha, tumempoteza tena. Watu wakampita kushoto na kulia. Kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vimefunguka, na akakanyaga. Akakanyaga tena. Alikwenda hivyo, mkono mbele, uso umeloa. Mama mmoja wa mikate akaniuliza kwa macho kama huyu ana wazimu. Ghafla mkono ule ukafunga ngumi, na Ramla akakimbia.

Polisi wa kandambili hakugeuza hata shingo. Alikuwa anahangaika na kamba iliyojisokota.

Bendera ikafika juu, filimbi ikalia, na mimi nikamfuata kwa viatu vyangu vya wazi huku watu wakinicheka. Nilimkuta mbele kidogo amesimama, mikono magotini, analia kwa sauti kama tunavyolia matangani. Nikampa maji. Akanywa, mengine akajimwagia.

"Hawakunifanya kitu, wifi," akasema. "Hawakuniangalia hata."

"Njo vile. Sasa uende."

"Niko naenda," akasema, na akaenda.

Alimaliza. Alitembea sana kule mwisho, vijana wa shule walimpita, na mzee mmoja mwenye mvi alimpita pia huku akimpa pole. Lakini alivuka mstari kwa miguu yake, na basi likafika baadaye limebeba watu wengine. Arsène aliruka kama mtoto. Alimshika mabega, akamwuliza ametimiza lengo lipi katika matatu, la siku njema au la siku mbaya. Ramla akamwambia ametimiza. Arsène, kwa bahati, aliridhika na hilo, akakimbilia kumpokea fundi wa baiskeli.

Tulikaa wawili ukingoni mwa barabara. Nilimvua viatu, nikaanza kumkanda nyayo, ambazo zilikuwa zimechubuka vibaya. Alikuwa mtulivu, anatazama watu wanavyofika. Nikafurahi kupita kiasi, na mimi nikifurahi huwa nasema ovyo. Nikamwambia sasa umeona, ondoa kabisa ile mambo mu kichwa. Hata kama siku ile ungesogea, hata kama ungemfikia mzee, wale watu wangewapiga ninyi wote wawili.

"Najua," akasema Ramla. "Lakini angejua niko nyuma yake."