Gololi Iliyopenda Kushoto

Nilipotolewa plasta kwenye kifundo cha mkono wa kulia, vidole vyangu vilikuwa vimesahau kazi. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Muhima, na msusi asiye na vidole kazi yake ni kukaa kwenye benchi akipokea "ihangane, ihangane", yaani pole, za wateja wanaokwenda kusukwa na mwingine. Daktari alisema niupe mkono kazi ndogondogo. Mdogo wangu, anayejua kila kitu, akaja kwangu Rwezamenyo akaniwekea gemu kwenye simu.

Ni gololi ya chuma juu ya ubao wenye mashimo. Unainamisha simu, gololi inateremka. Unatakiwa uifikishe kona ya mbali bila kutumbukia. Kabla ya yote gemu liliomba simu ilazwe mahali palipo sawa, lijue usawa ni upi. Nikailaza kwenye meza ya chakula, tukaanza.

Jamani, lile gemu ni tamu na lina roho mbaya! Gololi inasita kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu inashika kasi. Ukichelewa kuirudisha, imekwenda. Ukiirudisha kwa pupa, inagonga ukingo, inatumbukia. Na yangu kila mara iliponyoka kushoto, kwenye shimo lile lile. "Shetani wewe!" niliifokea, jirani akadhani namsema yeye.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuogopa. Mkono wenyewe ndio unaoelemea kushoto, niliwaza, na mkono wa hivyo haugawi nywele sawasawa. Nililia jikoni. Nikafikia hata kumuuliza mwenye duka la vitenge kama anahitaji muuzaji.

Jumapili moja nilikwenda kwa mdogo wangu Gahanga, kwenye nyumba yao mpya ambayo sakafu yake fundi aliipima usawa kwa pima maji mpaka wakamchoka. Nikashindwa tena, nikaibwaga simu sakafuni kwa hasira. Gololi ikaondoka yenyewe, kushoto, na hakuna mtu aliyeshika simu.

Mdogo wangu akaitazama, akaangua kicheko. "Dada, ile meza yako! Si ndiyo ile mchuzi hukaa upande mmoja wa sahani?"

Nyumba yangu iko kwenye mteremko, na meza imeinama nayo. Gemu lilichukua mwinamo wa meza yangu likauita usawa. Tukailaza simu upya pale sakafuni, tukapima tena, gololi ikatulia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Leo nakusuka."

Nilimsuka mstari mmoja, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Akaomba kioo, akageuza kichwa huku na huku. Mstari ulikuwa umekwenda kushoto.

"Hapa hatuna meza ya kusingizia, dada," akasema taratibu.

Nikaufumua ule mstari. Hakuondoa kichwa, nami nikaanza tena.